Akiba Iliyoishia Njiani: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Iliyohamia Uingereza

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha familia moja ya watu wanne iliyohamia Uingereza Septemba 2024 kwa viza ya kazi ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Familia imeniruhusu kukiandika. Majina, nchi waliyotoka, mji walioko na jina la mwajiri nimeviondoa, na baadhi ya kiasi nimekizungusha kidogo. Ada na viwango vya serikali nimeviacha kama vilivyokuwa wakati ule, kwa sababu ndivyo vilivyoamua mambo.

Nilianza kuwasaidia kupanga matumizi mwishoni mwa Oktoba, wakati akiba yao ilikuwa imebaki chini ya pauni 1,000 na hawana nyumba. Nimeona familia nyingi zikipita hapo hapo. Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu hawa walikuwa wamejiandaa. Walikuwa na jedwali la bajeti, walikuwa na akiba, na mshahara wenyewe haukuwa mbaya. Hata hivyo walifika ukingoni.

Familia na kazi

Mama ni mhandisi wa ujenzi. Baba ni mhasibu. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 9, mdogo miaka 2 na nusu. Mama alipata kazi katika kampuni moja ya mji wa kati mwa Uingereza kwa mshahara wa pauni 40,000 kwa mwaka. Hicho kilikuwa juu kidogo ya kiwango cha chini cha jumla cha viza hiyo, ambacho tangu Aprili 2024 kilikuwa pauni 38,700. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Mwajiri alikubali kulipa ada ya viza ya mama na ada yake ya huduma ya afya. Wategemezi wake watatu waliachwa wajilipie.

Akiba yote ya familia, pamoja na pesa za gari waliloliuza, ilifika pauni 17,500 baada ya kubadilishwa.

Bajeti waliyoondoka nayo

Jedwali lao nimeliona, na limetengenezwa kwa makini. Walijua kwamba pauni 40,000 kwa mwaka, baada ya kodi ya mapato na makato ya bima ya taifa, huacha takribani pauni 2,690 kwa mwezi. Waliuliza kodi za nyumba, wakakadiria chakula, umeme, nauli na simu. Jumla ikawa pauni 2,050. Ziada ya pauni 640 kila mwezi. Kwenye mstari wa mwisho Baba alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani: “Inawezekana.”

Kulikuwa na namba nyingine iliyowatuliza. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza humtaka mwombaji aonyeshe kwamba ana pesa za kujikimu, zikae benki siku 28: pauni 1,270 kwa mfanyakazi, 285 kwa mwenza, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata. Kwa familia hii ni pauni 2,070. Waliisoma namba hiyo kama makadirio ya serikali ya kile ambacho familia inahitaji mpaka ipate mshahara. Wao walikuwa na mara nane yake. Wangewezaje kuogopa?

Namba ile ni sharti la viza na haina maana zaidi ya hiyo. Hakuna mahali katika Uingereza ambapo watu wanne, wawili kati yao watoto, wanaingia kwenye nyumba ya kupanga na kusubiri mshahara wa kwanza kwa pauni 2,070.

Uamuzi wa kwenda wote pamoja

Baba alitaka Mama atangulie. Mama alikataa, na sababu yake haikuwa ya kitoto. Mwezi Machi mwaka ule ule, kuanzia tarehe 11, wafanyakazi wa huduma za malezi ya wazee na wagonjwa walikuwa wamezuiwa kuleta wategemezi. Mama alikuwa na rafiki aliyekuwa amepanga kutangulia kwa viza ya aina hiyo na kumwita mume baadaye, na mlango ukamfungikia. “Baba watoto,” alimwambia, “nikitangulia mimi na sheria ikabadilika nikiwa kule, nani atatuunganisha?”

Hofu hiyo naiheshimu. Sheria za uhamiaji za Uingereza zimebadilika mara kadhaa ndani ya miaka miwili, na anayepanga maisha ya watoto wake hana namna ya kuyapuuza hayo. Wakaamua: wote pamoja.

Gharama ya uamuzi huo ndiyo hii. Ada ya huduma ya afya kwa wahamiaji ilipandishwa tarehe 6 Februari 2024, kwa mtu mzima kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka, na kwa mtoto kutoka 470 hadi 776. Hulipwa kwa mkupuo, miaka yote ya viza kwa pamoja, siku ya kuomba. Kwa Baba ni pauni 3,105. Kwa watoto wawili ni 4,656. Ongeza ada ya viza, pauni 719 kwa kila mmoja wa watatu: 2,157. Jumla pauni 9,918, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kupanda ndege.

Kipimo cha kifua kikuu, tafsiri za vyeti, pasipoti za watoto na safari za kwenda kuwasilisha alama za vidole zilikula kama pauni 640. Tiketi nne, 2,300. Walipotua walikuwa wamekwisha kutumia pauni 12,858 na walibaki na 4,642.

Kutoka Septemba 13 hadi Novemba 1

Walifika Ijumaa tarehe 13 Septemba. Walikuwa wamelipia malazi ya muda ya siku kumi, chumba kikubwa chenye jiko la kushirikiana, wakiamini kwamba ndani ya siku hizo watapata nyumba. Walikaa wiki saba.

Nyumba hazikuwa adimu. Walitembelea tisa. Kilichowakwamisha ni maswali ya wakala wa nyumba: hati za mshahara za miezi mitatu, rekodi ya mikopo nchini, na mdhamini mwenye nyumba au kipato cha kutosha Uingereza. Hawakuwa na hata kimoja. Kila wakala aliwapa njia ile ile ya mkato, walipe kodi ya miezi sita mbele. Kwa nyumba ya vyumba viwili ya pauni 950 kwa mwezi hiyo ni pauni 5,700, na juu yake amana, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano, yaani pauni 1,096. Pauni 6,796 kwa watu wenye 4,000 na kitu mfukoni.

(Anayehamia sasa anakuta hali tofauti. Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inawazuia wenye nyumba England (sehemu ya Uingereza iliko familia hii), kuanzia tarehe 1 Mei 2026, kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Ni nafuu kubwa kwa mgeni mwenye akiba ndogo. Lakini miezi sita mbele ndiyo iliyokuwa mbadala wa mdhamini, kwa hiyo suala la mdhamini linapata uzito zaidi.)

Benki nayo ilitaka anwani ya kudumu kabla ya kumfungulia Mama akaunti, na wakala wa nyumba alitaka taarifa ya benki. Barua ya mwajiri ndiyo iliyokata mzunguko huo, lakini ilichukua siku kumi na mbili kutoka.

Kila wiki ya kusubiri iligharimu pauni 385 za malazi na takribani 110 za chakula na nauli. Wiki saba ni 2,695 na 770. Baridi ya Oktoba ilipoingia walinunua makoti na viatu, pauni 420. Sare za shule za mkubwa, 160.

Kuhusu shule kuna jambo dogo ambalo halimo kwenye jedwali la mtu yeyote. Shule ya umma hailipiwi karo, hilo walilijua. Lakini anayefika katikati ya mwaka huomba nafasi kupitia halmashauri na hupewa palipo na nafasi. Shule ya karibu ilikuwa imejaa. Mkubwa alipelekwa maili 2.4 kutoka nyumba waliyokuja kupata. Usafiri wa bure wa shule kwa mtoto wa chini ya miaka 8 huanzia maili 2. Kwa mtoto wa miaka 8 na kuendelea huanzia maili 3. Alikuwa na 9. Chakula cha mchana shuleni pia ni bure kwa wote katika madarasa matatu ya mwanzo tu, naye alikuwa darasa la tano. Basi na chakula, kila siku ya shule, mwaka mzima.

Mshahara wa Septemba haukuja. Mama alianza kazi tarehe 16 na orodha ya mishahara ya mwezi huo ilikuwa imekwisha kufungwa. Nusu ile ya Septemba ingelipwa pamoja na Oktoba, tarehe 31. Tangu kutua mpaka pauni ya kwanza ya mshahara ni siku 48.

Msimbo wa kodi

Siku ya kwanza kazini Mama alijaza fomu ya mwajiriwa mpya. Fomu ile ina maelezo matatu na mtu huchagua moja. La kwanza husema hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili. La tatu husema una kazi nyingine au unapokea pensheni. Kazi yake ya nyumbani ilikuwa inaisha rasmi mwisho wa Septemba kwa kuwa alikuwa akimalizia likizo. Akachagua la tatu. Alikuwa mkweli.

Matokeo yake alipewa msimbo unaoitwa BR, ambao hukata asilimia 20 ya mshahara wote tangu pauni ya kwanza, bila ule msamaha wa pauni 12,570 ambazo karibu kila mkazi halipii kodi kwa mwaka. Mshahara wa Oktoba ulikuwa pauni 5,000 kwa mwezi mmoja na nusu. Akakatwa 1,000 za kodi na kama 267 za bima ya taifa. Mkononi zikaingia 3,732.

Hapa watu wengi hukosa kuona walichonacho. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili, na kwa msimbo wa kawaida msamaha hujikusanya kila mwezi hata kama hukuwa na kipato nchini. Aliyefika Septemba amebeba msamaha wa tangu Aprili. Kwa msimbo sahihi Mama asingekatwa hata senti ya kodi ya mapato Oktoba wala Novemba. Kosa la alama moja kwenye fomu liliwatoa pauni 1,000 mwezi ule ambao pauni 1,000 ilikuwa tofauti kati ya kukopa na kutokopa.

Tuliligundua mwishoni mwa Novemba tuliposoma hati zake za mshahara pamoja. Alilirekebisha kupitia akaunti yake kwa mamlaka ya kodi, HMRC, na mshahara wa Desemba ulirudisha takribani pauni 1,200 juu ya kutokatwa kodi mwezi huo.

Novemba

Nyumba ilipatikana kwa mwenye nyumba binafsi, bila wakala. Mwajiri wa Mama aliandika barua ya pili inayoeleza mkataba wa miaka mitatu na mshahara, na mwenye nyumba akakubali kodi ya miezi miwili na amana: pauni 2,996. Mshahara uliingia Alhamisi tarehe 31 Oktoba, malipo yakafanyika jioni, funguo wakapewa Ijumaa. Nyumba ilikuwa tupu. Vitanda, friji na meza vya mitumba vilikuwa pauni 780. Walibaki na 553 za kuwafikisha mwisho wa mwezi, wakati kodi ya halmashauri (ambayo kila nyumba hulipa kwa serikali ya mtaa), nishati, chakula, nauli na simu vilihitaji kama 975.

Mita ya umeme ilikuwa ya kulipia kabla. Waliweka pauni 20 za kwanza na 7 zikapotea papo hapo. Wakaweka tena, zikapungua tena. Mita ilikuwa inakusanya deni la mpangaji aliyetangulia. Baba alidhani ndivyo bei ilivyo na kwa siku tisa walizima kipasha joto usiku, watoto wakalala na makoti. Hilo hunichoma kila nikilikumbuka, kwa kuwa simu moja kwa kampuni ya nishati, ikiwa na tarehe ya mkataba wa upangaji, ilitosha kulifuta deni na kurudishiwa pauni 63.

Walikopa pauni 500 kwa mfanyakazi mwenzake Mama. Walizilipa Desemba.

Kazi ya Baba na umri wa mdogo

Viza ya mwenza inaruhusu kufanya kazi karibu zote, na Baba angeweza kuanza ghala la karibu mara moja kwa kima cha chini cha wakati ule, pauni 11.44 kwa saa. Swali lilikuwa mdogo abaki na nani.

Familia yenye viza ya aina hii haina haki ya kupata fedha za umma. Hakuna posho ya mtoto, na kuipokea ni kuvunja masharti ya viza. Saa za malezi zinazolipiwa na serikali kwa wazazi wanaofanya kazi nazo haziwahusu pale ambapo wazazi wote wawili wana masharti hayo. Kituo cha kulelea watoto kilitaka pauni 1,150 kwa mwezi kwa siku tano.

Tulipiga hesabu mbili. Ya kwanza: Baba afanye kazi ya mchana, saa 37.5 kwa wiki. Mpaka mwaka wa kodi uishe Aprili asingefikia kiwango cha kukatwa kodi ya mapato, hivyo angepata takribani 1,794 kwa mwezi kabla ya pensheni. Toa kituo 1,150 na nauli 65, zinabaki 579. Ya pili: afanye kazi usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa 30, huku Mama akiwa nyumbani. Takribani 1,452, bila kituo. Saa ni pungufu, na kinachobaki ni zaidi ya maradufu.

Wakachagua usiku. Kwa pesa ulikuwa uamuzi sahihi na ningewashauri hivyo tena. Lakini nisiufanye uonekane mwepesi. Kwa miezi mitano Baba alilala mchana wa Jumatatu akiwa na mtoto wa miaka miwili sebuleni, na mume na mke walikuwa wakipishana mlangoni. Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja alikuwa akipanga maboksi. Gharama hiyo haina mstari kwenye jedwali, nayo ililipwa.

Mlango wao ulikuwa siku ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka mitatu hupewa England saa 15 kwa wiki, majuma 38 kwa mwaka, bila kujali viza ya wazazi, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitatu. Anayetimiza kati ya Januari 1 na Machi 31 huanza Aprili. Mdogo alitimiza Februari. Baada ya Pasaka alianza kwenda asubuhi, Baba akapunguza usiku kutoka tatu hadi mbili, na akapata kazi ya msaidizi wa hesabu asubuhi tatu kwa wiki. Mapato hayakupanda sana. Alirudi kwenye fani yake.

Hali ilivyotulia

Februari 2025 tuliandika upya bajeti ya mwezi, safari hii kwa risiti. Kodi ya nyumba 950. Kodi ya halmashauri kwa wastani 141 (hulipwa kwa awamu kumi, Aprili hadi Januari, na ukimya wa Februari na Machi huwadanganya wageni). Nishati 165 kwa wastani wa mwaka, ingawa Januari ilikuwa 210. Maji 48. Chakula 480. Nauli 150, baada ya kikomo cha nauli ya basi kupanda Januari kutoka pauni 2 hadi 3. Simu na intaneti 55. Chakula cha shule 50. Kutuma nyumbani 150. Jumla 2,189.

Mshahara wa Mama, baada ya makato ya pensheni kuanza Januari, ulikuwa takribani 2,580.

Yaani mstari ule wa kijani wa Baba ulikuwa sahihi. Mshahara mmoja uliweza kuibeba familia katika mwezi wa kawaida. Bajeti yao ya mwezi ilikosea kwa pauni 139 tu, na 150 kati ya matumizi hayo, za kutuma nyumbani, waliziacha nje makusudi, wakisema watatuma “mambo yakikaa sawa”. Bibi wa watoto aliugua mambo yakiwa bado hayajakaa sawa, na walituma hata hivyo.

Uchambuzi

Kosa halikuwa kwenye bei. Familia nyingi zinazoniandikia huuliza bei: mkate, kodi, umeme. Hawa walizijua bei zote. Walichokosa ni kalenda. Bajeti yao ilianza mwezi wa kwanza wa maisha yaliyotulia, na maisha hayo yalianza siku ya 49. Kabla ya hapo kulikuwa na wiki saba zisizo na kipato, zenye malazi ya gharama ya dharura, na mwishoni mwake malipo makubwa ya kuingia nyumbani. Jedwali la wiki kwa wiki, lenye safu moja tu ya “pesa iliyobaki Ijumaa hii”, lingewaonyesha tatizo wakiwa bado kwao na gari halijauzwa.

Je, Mama angetangulia? Nimelipiga hesabu hili mara nyingi. Kama wengine wangemfuata baada ya miezi sita, viza zao zingekuwa za miaka miwili na nusu na ada ya afya ingepungua kwa pauni 1,293.50. Wangemfuata baada ya miezi mitatu, ada isingepungua hata kidogo, kwa sababu kipande cha mwaka kinachozidi miezi sita hutozwa mwaka mzima. Hata hivyo miezi mitatu ndiyo ambayo ningewashauri. Faida yake haiko kwenye kiasi cha ada, iko kwenye siku ya kuilipa. Zile pauni 9,918 zingebaki benki Septemba na Oktoba. Mama peke yake angeishi kwenye chumba kimoja, angepata hati za mshahara na akaunti, msimbo wa kodi ungetengenezwa bila watoto kulala na makoti, na familia ingekuja Desemba ikiingia moja kwa moja kwenye nyumba.

Dhidi ya hilo iko hofu ya Mama, na matukio hayakumkosoa. Julai 2025 kiwango cha mshahara kilipanda hadi pauni 41,700, na waombaji wapya wa kazi nyingi za ujuzi wa kati walizuiwa kuleta wategemezi. Kazi yake haikuwa miongoni mwa hizo. Lakini Agosti 2024 hakuwa na namna ya kujua. Siwezi kusema alikosea. Naweza kusema kwamba kama waliamua kwenda wote, basi kitu cha kwanza kujadili na mwajiri kilikuwa pesa ya kuanzia: mkopo wa mshahara wa kukatwa kidogo kidogo, au barua ya nyumba iandikwe kabla ya safari. Mwajiri alikuwa tayari kuandika barua. Aliandika mbili. Hakuna aliyemwomba mpaka wiki ya tatu, kwa sababu waliona aibu kuomba tena kwa mtu aliyekwisha kumlipia Mama viza. Aibu hiyo, kwa hesabu yangu, iliwagharimu wiki tatu za malazi.

Nyumba yenyewe ningeiangalia upya. Ina daraja E la ufanisi wa nishati, la chini kabisa linaloruhusiwa kupangishwa bila msamaha maalumu. Nyumba nyingine waliyoiona yenye daraja C ilikuwa pauni 35 zaidi kwa mwezi, wakaikataa. Madaraja hayo yapo wazi kwa umma na hutafutwa kwa anwani, bure. Kwa baridi ya Januari sidhani kama zile pauni 35 waliziokoa kweli.

Waliyofanya vizuri: hawakukopa kwa kadi wala kwa mikopo ya haraka ya riba kubwa, ambayo ingewafuata mwaka mzima. Walihesabu kazi ya Baba kwa kinachobaki baada ya malezi na wala si kwa mshahara ulioandikwa. Walimsajili kila mtu kwa daktari wiki ya kwanza, hivyo mdogo alipopata homa ya mapafu Novemba matibabu yake hayakuwagharimu chochote, yalikuwa yamelipwa na ada ile iliyowaumiza. (Watu wazima England bado hulipia kila dawa waliyoandikiwa, pauni 9.90 wakati ule, na daktari wa meno. Watoto hawalipi.)

Malipo yanayosubiri

Viza inaisha Septemba 2027. Kuiongeza kwa miaka miwili, kwa ada zilizokuwepo kuanzia Aprili 2025, kunamaanisha pauni 885 za maombi kwa kila mtegemezi na ada ya afya ya miaka miwili kwa mkupuo: kwa Baba na watoto wawili, pauni 7,829. Mwajiri hajasema kama atamlipia Mama tena. Baada ya hapo kuna ukaazi wa kudumu, ambao kwa ada za Aprili 2025 ni pauni 3,029 kwa kila mtu, na Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kawaida wa kuufikia kutoka miaka 5 hadi 10.

Tumegawa zile 7,829 kwa miezi 36 ya viza, pauni 217 kila mwezi. Kwa kuwa hawakuanza mwezi wa kwanza, sasa wanaweka 260, kwenye akaunti ya pembeni isiyo na kadi. Mtoto mkubwa ndiye anayeandika kiasi kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Kwenye jedwali jipya la Baba mstari huo umekaa juu kabisa, juu ya kodi ya nyumba.